Usiku wa Julai Mbeya: joto la mtoto linatoka kwake mwenyewe

Baridi ya Mbeya ina saa zake. Saa tatu usiku, watoto wanapopanda kitandani, kuta za tofali bado zimebeba jua la mchana na blanketi moja linaonekana linatosha. Saa sita chumba kimeanza kupoa. Kuanzia saa tisa bati limepoa kabisa, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri ndipo baridi inapofika kileleni. Wakati huo mtoto wa miaka mitatu ameshageuka mara nyingi, blanketi liko sakafuni au limevutwa na kaka yake, na huenda godoro limelowa. Wewe umelala. Ndiyo maana huwezi kumwandalia mtoto kitanda kwa kupima baridi ya saa tatu. Unamwandalia alfajiri, saa ambayo hakuna mtu mzima aliye macho wa kumfunika tena.

Nawaandikia hasa wazazi wanaohamia Nyanda za Juu Kusini kikazi, waliomlea mtoto wa kwanza Dar, Tanga au Mtwara kwa feni na chandarua, na sasa wanamlea wa pili Uyole ya Mbeya, Kihesa ya Iringa au Njombe mjini. Ila nawaandikia na wenyeji, kwa sababu nyumba zetu zimebadilika na baadhi ya mambo tuliyorithi hayazifai tena.

Kwanza baridi yenyewe. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa kama 1,600, na Njombe inakaribia 2,000. Kwa wastani, kila ukipanda mita 100 joto hupungua zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam kuja Mbeya ameacha nyuma nyuzi kama kumi kabla hata ya kuzungumzia msimu. Halafu inakuja Juni hadi Agosti. Mvua zimeisha, mawingu hayapo, mchana jua linawaka hadi unatafuta kivuli, lakini usiku anga liko wazi na ardhi inaachia joto lake lote likapotelea juu, kwa kuwa hakuna wingu la kulirudisha. Ndiyo maana usiku wenye nyota nyingi ndio wa kuogopa. Kule juu, Kitulo na sehemu za Makete, asubuhi nyingine umande unakuwa umeganda mweupe juu ya majani ya viazi. Tukuyu ina habari yake tofauti: kuna ukungu na manyunyu, baridi yake ni ya unyevu, na shida kubwa ya mama wa Tukuyu ni nguo za mtoto zisizokauka.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike. Blanketi halina joto. Chupa ya chai haipashi chai moto, inaitunza tu ile uliyoimimina ikiwa moto, na blanketi linafanya kazi hiyohiyo. Joto la kitandani linatengenezwa na mtoto mwenyewe, kutokana na chakula alichokula na damu inayozunguka mwilini mwake. Kazi yetu ni kulizuia lisimtoroke. Na njia zake za kutoroka ni tatu: linashuka chini kupitia godoro, linapanda juu kupitia nafasi zilizo wazi, na linanyonywa na unyevu. Ukiziba hizo tatu, mtoto analala hadi asubuhi katika chumba chenye baridi, na huhitaji moto wowote ndani.

Moto ndiyo sehemu ninayotaka kukaa nayo, maana ndiyo inayoua.

Karibu kila kipupwe husikika habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani ili kuota moto, ikafunga mlango na dirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala haileti kikohozi. Wengi wanaamini kwamba mkaa ukishashika na moshi ukaisha, jiko ni salama kuingia ndani. Sivyo. Moshi ndio unaoonekana na ndio unaokukimbiza. Kaboni monoksaidi inaendelea kutoka kwenye kaa jekundu lisilo na moshi hata kidogo, na kwenye lile lililofunikwa jivu ili lidumu hadi usiku wa manane. Ikiingia kwenye mapafu inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka ikiwa imebeba kitu kisichofaa. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anaishiwa nguvu, analala. Aliyekuwa usingizini tayari haamki. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko sisi na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo anaathirika kabla ya mtu mzima aliyelala kitanda hichohicho.

Sufuria la maji pembeni ya jiko halisaidii. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga ya kuaminika. Jiko la mafuta ya taa lina hatari hiyohiyo. Na jiko lililopikia chakula cha jioni, linaloonekana limekufa, bado lina kaa ndani. Lilale nje, au jikoni penye uwazi, kamwe si kwenye korido ya nyumba iliyofungwa. Ukiona watu wawili au zaidi ndani ya nyumba wameamka na kichwa kinachouma siku moja, na nje wanajisikia nafuu, usifikiri mafua. Fungua nyumba, watoe wote, wapelekwe hospitali wakapewe oksijeni.

Mtu wa makamo akikuambia, "Mwanangu, sisi tumekua tumelala na moto ndani, mbona tuko hai?" anasema kweli, na umjibu kwa heshima. Nyumba aliyokulia ilikuwa nyumba nyingine. Nyumba za Wanyakyusa zilizojengwa kwa mianzi na kuezekwa nyasi zilikuwa zinapumua kila upande. Tembe za Wahehe zilikuwa na kuta nene za udongo na paa la udongo juu ya miti, zinatunza joto la jua hadi usiku, kwa hiyo hata moto mdogo ulitosha. Leo tuna tofali za kuchoma, plasta, madirisha ya alumini yenye vioo na dari ya jipsamu iliyozibwa kila pembe. Ukiingiza ndani yake jiko la bibi, hewa haina pa kutokea. Zaidi ya hapo, nyumba zile za moshi hazikuwa salama kwa mapafu ya watoto. Kukohoa kwa miezi kulionekana kuwa sehemu ya utoto.

Basi turudi kitandani, tuanzie chini, ambako watu wengi hawaangalii.

Mzazi akiona mtoto anatetemeka, anaongeza blanketi juu. La kwanza, la pili, la tatu, hadi mtoto anashindwa kugeuka. Lakini godoro la sponji lililozeeka limebonyea katikati, chini yake kuna chaga zenye nafasi kati ya moja na nyingine, na chini ya chaga kuna hewa ya baridi iliyokaa juu ya sakafu ya saruji. Mwili umelalia godoro na kulikandamiza, na kitu kilichokandamizwa hakina hewa ndani ya kuzuia joto. Kwa hiyo joto linashuka moja kwa moja. Chukua blanketi moja kati ya yale matatu ya juu, litandike chini ya shuka. Utashangaa. Kabla ya hapo, funika chaga kwa mkeka au maboksi yaliyofunguliwa na kulazwa bapa, halafu ndipo uweke godoro. Maboksi hayana gharama. Duka lolote la jumla linayatupa. Wanaolala chini, iwe ni kwa sababu kitanda hakijapatikana au watoto ni wengi, wanahitaji hili zaidi kuliko wote: maboksi mazito, mkeka juu yake, kisha godoro, na asubuhi godoro lisimamishwe ukutani ili upande wa chini usilowe kwa unyevu wa sakafu.

Kitanda chenyewe kisigusane na ukuta wa nje wala kisikae chini ya dirisha. Ukuta wa nje saa kumi alfajiri ni baridi kuliko hewa ya chumbani, na mtoto ana tabia ya kujisogeza hadi aegemee kitu. Kisogeze kitanda kwenye ukuta unaotenganisha vyumba, hata kama chumba kitaonekana hakijapangika. Pazia zito lishuke hadi chini ya kizingiti cha dirisha, na kitambaa kilichoviringishwa kizibe upenyo chini ya mlango. Lakini yale matundu ya hewa juu ya dirisha, yenye wavu, yaachwe. Chumba cha watu watano kisicho na tundu lolote kinageuka chumba cha mvuke wa pumzi, kuta zinatoka jasho, ukungu mweusi unaota pembeni, na vikohozi vinazunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Kwenye nyumba ya bati tupu lisilo na dari, joto lote linapanda juu na kupotea. Kwa mpangaji asiyeweza kujenga dari ya nyumba isiyo yake, nimeona njia moja inayofaa: kushona salfeti zilizofuliwa zikawa kipande kimoja kikubwa na kukitandaza juu ya kitanda cha watoto, kimefungwa imara kwenye kenchi, mbali kabisa na taa na nyaya za umeme. Mishumaa isikaribie.

Sasa nguo. Hapa msimamo wangu ni kwamba mtoto aliyepita mwaka mmoja aende kitandani amevaa joto lake, asilitegemee blanketi. Blanketi linaondoka kwa teke moja, nguo haiondoki. Ukienda masoko ya Mwanjelwa au SIDO hapa Mbeya kuanzia Mei, kabla bei hazijapanda, utakuta mitumba ya watoto ya nchi za baridi: zile ovaroli nzima za kulalia, zenye miguu yake imeshonewa hukohuko na zipu kutoka mguuni hadi shingoni. Hizo ndizo za kutafuta, kabla ya makoti. Koti ni la barabarani. Kitandani linabana kwapa, lina kofia na kamba zinazoweza kuzunguka shingo, na mtoto anatokwa jasho mgongoni huku miguu ikiwa wazi.

Ndani kabisa avae fulana nyepesi isiyobana, iliyoingizwa kwenye suruali ili tumbo na kiuno visifunuke. Juu yake nguo ya mikono mirefu. Juu yake ile ovaroli ya manyoya, au trakisuti laini na soksi. Nguo tatu nyembamba zinashinda sweta moja zito, kwa sababu kati ya nguo na nguo kuna hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoke. Kwa sababu hiyohiyo usimbane. Soksi mbili zinazokaza mguu zinaufanya uwe baridi kuliko soksi moja ya sufu iliyolegea. Sufu, ukiipata, inunue bila kusita; hata ikiwa na unyevu kidogo bado inatunza joto, tofauti na pamba.

Kuna kitu kingine ambacho fundi yeyote wa cherehani anaweza kukushonea, na sijui kwa nini hakijaenea zaidi huku kwetu. Ni mfuko wa kulalia. Unachukua blanketi jepesi la manyoya, unamwambia fundi akate kama gauni lisilo na mikono, chini pazibwe, mbele kuwe na zipu. Mtoto anaingia ndani yake akiwa amevaa nguo zake za kulalia, mikono iko nje, na hawezi kujifunua usiku kucha hata akipiga mateke vipi. Mambo manne uyasimamie mwenyewe. Shingo iwe ndogo kuliko kichwa cha mtoto, asije akazama ndani. Chini pawe papana ili magoti na nyonga zifunguke kama anavyotaka. Urefu uzidi miguu kwa kama shibiri moja, si zaidi. Na usiweke vifungo vya kung'oka kirahisi, maana vitaishia mdomoni. Fundi wangu alinitazama akaniuliza, "Mama, sasa atatembeaje?" Hatembei. Ni wa kulalia tu, na kwa mtoto anayejua kushuka kitandani mwenyewe ni bora ovaroli yenye miguu, asije akajikwaa gizani akienda kukojoa.

Na kukojoa ndiko kunakoharibu kazi yote. Maji yanabeba joto la mwili kwa kasi ya zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo mtoto aliyelowa saa nane usiku, akakaa hivyo hadi saa kumi na mbili, amepata baridi kuliko mwenzake aliyelala bila blanketi lakini mkavu. Mwamshe kabla wewe hujalala, umpeleke msalani hata kama amesinzia begani. Juu ya godoro tandika nailoni, juu ya nailoni blanketi kuukuu, juu yake shuka. Weka karibu seti ya pili, nguo na shuka, zikiwa zimekunjwa tayari, ili usiku usianze kufungua makabati kwa tochi ya simu huku mtoto anatetemeka. Aliye kwenye nepi za kitambaa abadilishwe pale unapoingia kulala. Hata aliye kwenye pampasi anahitaji kubadilishwa, maana ikijaa inapoa na kumgandamiza tumboni. Tafadhali usimgombeze mtoto aliyejikojolea kwenye baridi. Baridi yenyewe inaongeza mkojo, na mtoto anayeogopa kugombezwa atanyamaza akalalia maji hadi kuche.

Kuhusu maji ya moto. Ile chupa ya mpira inayouzwa kwenye maduka ya dawa ni nzuri ikitumika kabla ya mtoto kuingia kitandani: ijazwe maji ya moto yasiyochemka, ifungwe sawasawa, izungushiwe taulo, ikae katikati ya blanketi wakati watoto wanakula, kisha itolewe. Isilale na mtoto. Chupa za soda au za maji ya kunywa zisijazwe maji ya moto kabisa, kwa kuwa plastiki yake inalegea, kifuniko kinaachia, na ngozi ya mtoto ni nyembamba. Ukiwa huna ile ya mpira, piga shuka pasi dakika chache kabla ya kulala. Inatosha kuondoa ule ubaridi wa kwanza unaomfanya mtoto akatae kitanda. Hita ya umeme, kwa wenye nayo, ipashe chumba jioni, ikae mbali na pazia na blanketi, isichomekwe kwenye ekstensheni iliyobeba vitu vingine, na izimwe kabla ya watu kulala.

Watoto wachanga wana sheria zao, na hapa naomba usichanganye na niliyosema juu ya wakubwa.

Mtoto aliyezaliwa leo hajui kutetemeka vizuri. Mwili wake ni mdogo lakini ngozi yake, ukilinganisha na uzito, ni kubwa, kwa hiyo anapoteza joto haraka. Anategemea akiba ya mafuta maalumu yaliyoko mgongoni na shingoni, ambayo mwili wake huyachoma kutengeneza joto. Kwa aliyezaliwa njiti akiba hiyo ni ndogo sana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto akaushwe mara tu anapozaliwa, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na asiogeshwe hadi zipite angalau saa 24. Wakati mwingine bibi anataka mjukuu aogeshwe siku hiyohiyo. Mwombe kwa upole, "Shikamoo bibi, naomba tumwache hadi kesho, wauguzi wameelekeza hivyo," na umpe kazi ya kupasha nguo za mtoto.

Kifua cha mzazi ndicho chanzo bora cha joto tulicho nacho nyanda hizi. Mwaka 1978 jijini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyokuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwatunza, alianza kuwafunga watoto hao vifuani mwa mama zao, na akaendeleza kazi hiyo pamoja na mwenzake Héctor Martínez. Leo njia hiyo, ya kangaruu, inafundishwa kwenye wodi za wazazi nchini kwetu. Mtoto anakaa na nepi, kofia na soksi tu, kifua kwa kifua, kitenge kinamzunguka yeye na mzazi, na sweta la mzazi linafungwa juu ya wote. Baba anaweza, shangazi anaweza. Usiku wa Julai, kwa mtoto mdogo aliyepoa, hakuna blanketi linaloshindana na hilo, mradi aliyembeba yuko macho.

Anapolala mwenyewe, alale chali. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa karibu nusu au zaidi. Joto kupita kiasi na kufunikwa uso ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari hiyo. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kumfunika mtoto gubigubi, mablanketi matatu na kitambaa juu ya uso "asipigwe na baridi," tuiache. Mtoto mchanga hawezi kujifunua. Anavuta tena hewa aliyoitoa, na joto la ziada linalotakiwa kutokea usoni na kichwani linakosa pa kupita. Uso uwe wazi daima. Asiwekewe mto. Blanketi, kama lipo, liwe moja jepesi, lifike kifuani tu, na pande zake zichomekwe chini ya godoro. Kofia ni ya siku za mwanzo na ya njiti. Kwa mkubwa kidogo, uvalishe mwili vizuri, kichwa kiache.

Najua familia nyingi hulala na mtoto kitanda kimoja. Kilicho salama zaidi ni kitanda chake kidogo ubavuni mwa mama. Lakini ikibidi mlale pamoja, asilale katikati ya watoto wengine, asilale na aliyekunywa pombe au anayevuta sigara, na mama avae sweta na shali ili blanketi lake libaki kiunoni bila kumfikia mtoto. Akivaa hivyo anaweza kunyonyesha saa tisa usiku bila kufunua wote wawili.

Utajuaje kama ana baridi? Usipime kwa viganja. Vidole vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa sawa kabisa. Ingiza mkono wako uliopashwa joto kwenye ukosi wake, au kifuani chini ya nguo. Pakiwa na joto la kawaida, mwache alale. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo moja, hata kama wewe unatetemeka. Tumbo na miguu vyote vikiwa baridi, huyo amepoa. Mweke ngozi kwa ngozi sasa hivi na umnyonyeshe. Kama una kipimajoto, mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Mambo ya mchana nitayapitia haraka. Muogeshe mtoto saa nane au saa tisa, jua likiwepo, badala ya usiku, na nywele zikauke kabisa kabla halijazama. Anika godoro na mablanketi katikati ya mchana, uyaingize ndani kabla ya saa kumi, maana yakikaa nje hadi jioni yanavuta unyevu. Chakula cha usiku kiwe na mafuta: uji wa ulezi wenye maziwa na siagi, viazi vilivyopondwa na parachichi. Usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili zile dawa za kuchua zenye menthol na kafuri; mafuta ya mgando yanatosha kwa ngozi na pua zilizokauka. Wale wanaowahi gari la shule, sare zao zilale ndani ya blanketi la mzazi, watavaa zikiwa na joto.

Kisha nimonia, kichomi. Baridi peke yake haiileti, ni vimelea, lakini miezi hii watoto wanabanana ndani, moshi ni mwingi, na mzazi anapoona kikohozi anasema ni baridi tu. Mhesabie mtoto pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, zikifika 60 anapumua haraka mno. Miezi miwili hadi mwaka, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Kifua kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, akikataa kunyonya, akilegea, au mchanga akiwa na joto linalozidi 37.5 au lililo chini ya 35.5, usisubiri kuche.

Ukiondoka naye usiku huo kwa bajaji au bodaboda, usimbebe mgongoni. Mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa mbeleko, uso ukiwa umegeukia pembeni na pua ikiwa wazi, vaa koti lako kubwa juu yenu wote, na mwombe dereva apunguze mwendo ili upepo usiwapige. Beba nepi kavu na blanketi lake ndani ya koti, si kwenye mfuko. Ukifika, mwambie muuguzi kwanza amepumua mara ngapi kwa dakika, amenyonya lini mara ya mwisho, na kama nyumbani kulikuwa na jiko ndani.